Naomba ushauri: nyumba ya wazee kwa mama, Minneapolis

Habari zenu ndugu zangu. Mama ana miaka 78, naishi naye hapa Minneapolis, Marekani, tangu 2017, ana grini kadi. Usahaulifu umezidi. Mwezi uliopita nimetoka zamu ya usiku nikakuta sufuria ya uji imeungua, jiko linawaka, naye yuko sebuleni na koti juu ya kanga, anasubiri basi la Korogwe.

Nimetembelea nyumba mbili. Ya kwanza safi, ila wazee wamepangwa mbele ya runinga mchana kutwa. Ya pili ina mhudumu kutoka Mombasa. Alivyomwamkia "shikamoo mama", mama alichangamka kweli. Lakini nilibonyeza kengele ya chumbani kujaribu, dakika 12 hakuna aliyetokea. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii makazi ya muda mrefu, kwa hiyo tegemeo ni Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo.

Kaka yuko Tanga, anasema huko ni kumtupa mama. Hajawahi kukesha naye hata usiku mmoja.

Mliopitia hili: maombi ya Medicaid mlianza mapema kiasi gani? Na mzazi akibaki na Kiswahili tu, wahudumu mliwasaidiaje kumwelewa?