Tupeane uzoefu: umemaliza chuo, siku haina ratiba. Muziki gani wa pop unakubeba?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu, na dada zangu wote mliomo humu.

Nimemaliza chuo, vyeti ninavyo, kazi bado natafuta. Jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo ni urefu wa siku. Chuoni kuna kipindi cha saa mbili, kuna jaribio Ijumaa, kuna mwenzako wa chumba cha pili anakugongea mtoke wote. Ukishamaliza, unaamka na hakuna anayekusubiri popote. Jumatatu haina tofauti na Alhamisi.

Kwangu kilichorudisha mpangilio ni muziki wa pop, na nalisema hili kifua mbele, kwa sababu kuna watu wanauita muziki mwepesi. Asubuhi nina nyimbo za kuamkia, zenye mdundo wa haraka. Ikianza ya tatu, kitanda kimeshatandikwa na dirisha liko wazi. Mchana ni kimya, nasoma matangazo ya kazi. Jioni ni zamu ya Adele.

Huyu dada nampenda kwa sauti, lakini pia kwa jambo moja: albamu zake kazipa majina ya umri wake, 19, 21, 25 na 30. Ya 21 ilitoka 2011. Yaani mtu anakaa chini anaandika, nilipokuwa na umri huu nilipenda hivi, niliumizwa hivi, kisha anasonga mbele. Naye alitoka shuleni kama sisi: alimaliza shule ya sanaa London mwaka 2006, na kampuni ya kurekodi ilimpata baada ya rafiki yake kuweka nyimbo zake za majaribio mtandaoni. Nikimsikiliza najiuliza, albamu yenye umri wangu wa sasa ingekuwa na nyimbo gani ndani?

Karibuni. Siombi orodha ya nyimbo kumi bora, hizo zimejaa kila mahali. Naomba siku yako ilivyo: muziki unaingia saa ngapi na unakufanyia kazi gani.

albamu_moja

Mkuu, umenigusa penyewe. Utaratibu wangu ni albamu moja, barua moja.

Nikikaa kuandika maombi ya kazi naweka albamu nzima kuanzia mwanzo, mara nyingi ile ya Michael Jackson ya mwaka 1982. Ina nyimbo tisa tu, dakika 42 hivi, na saba kati ya hizo tisa zilitolewa pia kama singo, kwa hiyo hakuna wimbo unaotamani kuuruka. Wimbo wa kwanza unanikuta nasoma tangazo, napigia mstari sifa wanazozitaka. Nyimbo za katikati ni za aya ya pili ya barua, na hapo ndipo ninapotumia nguvu zote, maana ndipo unapoeleza kwa nini wewe na kwa nini kwao. Barua iliyonakiliwa hujulikana kwenye aya hiyo hiyo. Nyimbo mbili za mwisho ni za ukaguzi: jina la taasisi, tarehe, jina la faili la wasifu, viambatisho. Albamu ikinyamaza natuma, nasimama, natoka nje hata kama ni kuzunguka nyumba tu.

Sharti moja: iwe albamu unayoijua kwa moyo. Ukiweka mpya, maneno ya mwimbaji yanagombania nafasi na maneno unayoyatafuta wewe, na mwimbaji ndiye anayeshinda. Kama huna albamu uliyoizoea kiasi hicho, weka muziki usio na maneno kabisa.

mguu_njia

Mimi ni wa kutembea. Siku ya usaili nashuka basi vituo viwili kabla, navaa hedifoni, naweka wimbo wenye mapigo kama 120 kwa dakika. Hiyo ni hatua mbili kila sekunde, mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Nikifika mapokezi mabega yameshashuka yenyewe. Wimbo nauzima getini, sio mlangoni, ili nipate muda wa kusikia sauti yangu mwenyewe kabla ya kuwasalimia.

kinanda_usiku

Mchana ni mhasibu wa mkataba, usiku natunga nyimbo. Chumba nilichopanga kina mlango unaopitisha kila kitu, kwa hiyo nikitaka kurekodi sauti naning'iniza blanketi zito mlangoni na kuweka godoro ukutani, naimbia kwenye kona. Majirani hawajawahi kulalamika.

Mtu anayenipa moyo ni John Legend. Alihitimu Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1999, akasoma Kiingereza na fasihi, kisha akaingia kazini kwenye kampuni kubwa ya ushauri wa biashara. Mchana ofisini, usiku kwenye kinanda. Albamu yake ya kwanza ya studio ikatoka Desemba 2004. Sisi tunaziona tuzo, lakini mimi hiyo miaka ya katikati ndiyo inayonihusu. Kuna mtu pale alikuwa anaamka, anavaa shati la kazi, anarudi amechoka, na bado anafungua kinanda.

Na kwa wale waliosimamisha masomo ya juu kwa sababu maisha yamebana, mtazameni Brian May, mpiga gitaa wa Queen. Aliacha shahada yake ya uzamivu ya fizikia ya anga katikati ya miaka ya 1970 bendi ilipokolea. Akairudia, na akaikamilisha Imperial College London mwaka 2007. Utafiti wake ulihusu vumbi lililomo angani kati ya sayari. Kwa hiyo ukiambiwa muda umepita, unalo la kujibu.

Kuhusu huo "wepesi" aliousema mwanzisha uzi, ngoja nieleze kama mtu anayejaribu kuutengeneza. Wimbo wa pop una dakika tatu au nne za kukukamata na kukuachilia ukiwa umebadilika. Urefu huo ulianzia kwenye sahani za santuri za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi basi. Teknolojia ikabadilika, masikio yakabaki na kipimo kile kile. Siku hizi kuna kipimo kingine: Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, haihesabu kuwa wimbo umesikilizwa hadi zipite sekunde 30, ndiyo maana utangulizi mrefu wa ala umepungua na nyimbo nyingi zinaanza na sauti ya mwimbaji moja kwa moja. Kaa uandike ubeti unaoeleweka na mtu anayekusikia mara ya kwanza akiwa anafua nguo, halafu kiitikio ambacho atakiimba kabla wimbo haujaisha. Mimi nimerudia kiitikio kimoja wiki kadhaa, nabadilisha neno moja moja, na bado hakijakaa. Watungaji wa pop nawavulia kofia.

herufi_24

Dada yenu hapa, shabiki wa BTS, lile kundi la pop la Korea Kusini, na umri wangu naujua, msinikumbushe.

Nilipomaliza chuo nilikosa kitu kimoja kuliko vyote: kujifunza. Nilikuwa nimezoea daftari, kalamu mbili, kitu kigumu mbele yangu. Nikaamua kusoma herufi za Kikorea ili nifuate maneno ya nyimbo bila kusubiri tafsiri. Herufi za msingi ni 24. Zilitungwa karne ya 15 wakati wa mfalme Sejong, zikatangazwa rasmi 1446, makusudi ili watu wa kawaida waweze kusoma. Uzuri wake ni kwamba hazipangwi kwenye mstari kama zetu, zinakusanywa silabi moja moja ndani ya kijumba. Unaona kijumba, unakisoma kwa pigo moja, na kwenye wimbo kila kijumba kinadondoka juu ya mdundo wake. Siku niliyofuata ubeti mzima wa kughani kwa kidole kwenye karatasi, bila kupotea, nililia.

Kundi hili lilianza 2013, na Septemba 2018 kiongozi wao RM alihutubia kwenye Umoja wa Mataifa, New York, akawahimiza vijana waseme wao ni nani kwa sauti zao. Niliitazama hotuba ile tena wakati wa msimu wa barua za "tunasikitika kukujulisha". Ilinifanya niandike upya sehemu ya juu ya wasifu wangu, ile ya kujieleza, kwa maneno yangu na sio yale ya kuazima mtandaoni.

Sasa nina kazi ya muda na bado nasoma nusu saa kila usiku. Daftari langu la Kikorea limeshafika la tatu kwa ukubwa kati ya madaftari yote niliyowahi kuandika, na hakuna mwalimu aliyenilazimisha.

redio_mbao

Sina bando la kila siku, na simu yangu haina nafasi. Nasikiliza redio. Raha ya redio ni kwamba huchagui. Wimbo unaoupenda ukija, umekuja kama mgeni. Nikiwa napiga pasi ukaingia, siku yangu imenyooka.

chumba_cha_nne

Tulikuwa wanne chumbani mwaka wa mwisho. Sasa kila mtu yuko kwake, mmoja ana kazi, mmoja anaendelea kusoma, mmoja ameolewa, mimi natafuta. Mazungumzo ya "mambo vipi, umepata?" yalikuwa yanatuchosha pande zote, anayeuliza na anayeulizwa. Tukakubaliana: kila Jumapili jioni kila mmoja anatuma wimbo mmoja kwenye kundi letu, bila maelezo. Kutoka kwenye wimbo tunajua mwenzetu yukoje. Wiki ambayo mmoja wetu alituma wimbo wa kubembeleza mtoto, tulijua habari kabla hajaisema.

Watafiti wa kumbukumbu wanasema muziki tunaousikia kati ya miaka 10 na 30 hivi ndio unaoshika zaidi, na ndio unaobeba kumbukumbu nyingi uzeeni. Kwa hiyo chagueni vizuri jamani, hizi ndizo nyimbo tutakazokaa nazo.

mzazi_wa_kaseti

Wanangu, naomba kuingia ingawa chuo nilimaliza zamani.

Enzi zangu wimbo ulikuwa unawindwa. Unakaa na redio kaseti, kidole kimoja kwenye kitufe cha kurekodi na kingine kwenye cha kucheza, unamwomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya mwanzo wa wimbo. Nina kanda ambazo mpaka leo zinaanza na nusu ya neno la mtangazaji. Watoto wangu wakisikia wimbo ule mahali pengine wanashangaa ile nusu ya neno haipo.

Kilichonileta hapa ni mwanangu wa kiume. Amehitimu, yuko nyumbani, mtulivu mno. Chumba chake kiko ukuta mmoja na changu. Nimejifunza kuisoma siku yake kwa muziki wake. Asubuhi kukiwa na ngoma ya haraka najua kuna mahali anakwenda. Kukiwa na wimbo ule ule mmoja unarudiwa, anaandika. Siku ikiingia barua ya kumkataa, hapigi kabisa. Wiki hii ukuta umenyamaza tangu Jumanne. Nataka kumsemesha na sitaki aone kama ninamchunguza. Ninyi mngependa mzazi afanyeje?

zamu_ya_usiku

Shikamoo mzazi. Hilo nawaachia waliokaa nyumbani, wana jibu zuri kuliko langu.

Mimi ni muuguzi, nina mwaka wa kwanza kazini, na nimesoma uzi wote nikiwaza masikio yenu. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Tofauti ya kumi inaonekana ndogo, lakini kipimo cha desibeli hakipandi kama rula: kila 10 zinazoongezeka, nishati ya sauti inakuwa mara kumi. Vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kwa kusikiliza kwa sauti kubwa. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa haviotei tena. Simu nyingi zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti, kiwekeni leo. Na kwenye basi lenye kelele msishindane na injini, tafuteni hedifoni zinazoziba vizuri ili msipandishe sauti. Nawapenda, nataka muusikie huo muziki mkiwa na miaka sabini.

Mwanzisha uzi

Asante sana dada muuguzi, kikomo nimeshakiweka.

Mzazi, shikamoo. Kwa upande wangu, swali linaloniumiza ni "vipi, wamekujibu?" Swali ambalo ningelipokea ni "ule wimbo wa juzi unaitwaje?" Hilo halina usaili ndani yake. Halafu mpe na wewe kanda yako, ile yenye nusu ya neno. Mwache akae na kitu chako.

herufi_24

Naunga mkono. Na mzazi, ukipewa wimbo, usikilize mpaka mwisho kabla ya kutoa maoni. Mama yangu alifanya hivyo mara moja, sijasahau.

mzazi_wa_kaseti

Marahaba wanangu. Nimefuata. Nilimwuliza jina la wimbo ule unaojirudia, akanitazama kwanza, kisha akaja na simu akaketi. Tumesikiliza mitatu. Wa pili sikuupenda na nilimwambia hivyo baada ya kuisha, akanieleza dakika kumi kwa nini nimekosea, na sijamsikia akizungumza kirefu hivyo tangu arudi. La barua akalileta yeye mwenyewe. Kesho jioni ni zamu yangu kuchagua, natafuta redio yenye sehemu ya kaseti inayofanya kazi.