Tumeuziwa "safari ya vyombo vya udongo" Istanbul, tumeishia kuzungushwa madukani! Hela zetu zirudi

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Nimeongea nao kwa ustaarabu mpaka nimechoka, simu hawapokei, wasap wanasoma halafu kimya, sasa acha niyaweke hadharani ili mwingine asije akaliwa hela kama sisi. Jina la kampuni silitaji, mods msije mkafuta uzi bure, ila wako hapahapa Dar na kila siku wanatangaza tua za Uturuki, wakisoma watajijua.

Sisi ni kikundi cha watu tunaopenda vyombo vya udongo. Kuna wanaofinyanga wenyewe, kuna wanaokusanya bakuli na makombe ya zamani, na kuna mama mmoja mtu mzima wa Tanga, upande wa Tongoni, huyu amechoma vyungu tangu akiwa msichana. Tumechangishana muda mrefu sana kwa safari hii. Ombi letu hata mtoto angelielewa: mji mmoja tu, Istanbul, na siku zipangwe kufuata makumbusho yenye vyombo na vigae pamoja na karakana za wafinyanzi. Laleli, mtaa wa maduka ya jumla kule Istanbul, kununua nguo hatuna ugomvi nako, wenzetu wa Kariakoo wanaenda na Mungu awazidishie, lakini sisi hatukwenda kwa hilo. Tukawaandikia majina ya sehemu moja moja. Wakajibu hamna shida, kila kitu kimo, viingilio vimo, lipeni.

Sasa kwa ambao wanajiuliza mtu anapandaje ndege kwenda kuangalia sahani, ngoja niseme, maana uchungu wangu upo hapo. Kuna Kasri la Topkapı, masultani wa Uthmaniya walikaa pale tangu karne ya 15 mpaka 1856, na mwaka 1924 likawa makumbusho. Kwenye majiko yake, yale yenye mabomba ya moshi marefu ambayo Sinan, msanifu mkuu wa masultani, aliyajenga upya baada ya moto wa 1574, kuna mkusanyiko wa kauri za Kichina zaidi ya vipande 10,000, ni kati ya mikusanyiko mikubwa kabisa duniani ukiitoa China yenyewe. Vingine vilinunuliwa, vingine vilikuja kama zawadi, vingine vilichukuliwa kwenye mali za wakubwa wa serikali walipokufa au walipoanguka. Na vilikuwa vinatumika kwa chakula kabisa, sio mapambo. Kuna vipande masonara wa sultani wamevipachika dhahabu na vito. Halafu kuna seladoni, kauri zile za kijani kama maji ya bahari penye kina kifupi, ziko zaidi ya 1,300, na watu wa kasrini waliamini kwamba ukitia chakula chenye sumu humo chombo kitakuonyesha.

Seladoni hiyohiyo ya matanuri ya Longquan kule China ndiyo iliyofika pwani yetu. Imechimbuliwa Kilwa, imechimbuliwa Gede. Nenda Tongoni, nenda Kaole, nenda Kunduchi hapa Dar, angalia makaburi ya nguzo, utaona matundu ya duara ambako wazee wetu walijengea bakuli za kigeni kwenye nguzo, na bakuli nyingi zimeshang'olewa yamebaki matundu. Huyo mama yetu ameokota magae ya kijani ufukweni tangu utotoni, magae tu, kipande hiki na kile, na alichokuwa anataka kabla hajafa ni kuona bakuli zima limekaa sawasawa, mdomo wake, kitako chake, ajue waliliviringaje. Hilo tu. Tuliwaambia na hilo, kwa maandishi.

Haya, tumefika. Topkapı wametuwekea Jumanne. JUMANNE. Kasri la Topkapı linafungwa Jumanne, sio siri, iko kwenye tovuti yao wenyewe, ukimuuliza muuza mahindi wa Sultanahmet, mtaa wa jirani, anakuambia. Tumeshuka tukashangaa mbona hakuna foleni, kumbe geti limefungwa. Kijana wa kampuni anayetuongoza hata hakushtuka, akasema basi twendeni kwanza mkaone mazulia. Mazulia! Nikamwambia ndugu yangu sisi tumekuja kwa vyombo, basi tubadilishe tuje kesho, akasema kesho kuna Sadberk Hanım na haliwezi kubadilika.

Tukasema sawa maana hata hilo lilikuwa kwenye orodha yetu, ni makumbusho binafsi ya kwanza Uturuki, yalifunguliwa 1980 kwenye nyumba za zamani za mbao kule Büyükdere kando ya mlangobahari wa Bosporasi, wana vyombo vya maana vya Iznik, mji uliosifika zamani kwa vyombo na vigae. Tukakaa kwenye basi foleni ya magari haiishi mpaka wenye matatizo ya miguu wakavimba. Tumefika, kumefungwa. Sadberk Hanım wanafunga Jumatano!! Yani mtu kachukua sehemu mbili zinazofungwa siku mbili tofauti na akaziweka kila moja kwenye siku yake ya kufungwa. Mimi nauliza, ratiba hii ilipangwa na nani, na alifungua hata simu yake kuangalia? Kama makumbusho yamefungwa lakini duka la zulia liko wazi na linatusubiri na chai imeshamiminwa, mimi siwezi kuamini kwamba ni bahati mbaya.

Na duka la vyombo ndio usiseme. Kwenye ratiba iliandikwa "ziara ya karakana ya mfinyanzi". Tukaingizwa kachumba, jamaa mmoja akakanyaga gurudumu akazungusha kadumu kamoja, dakika chache, makofi, halafu mlango wa pili ukafunguliwa tukajikuta kwenye duka kubwa lenye taa. Hakuna tanuri, hakuna udongo uliolowekwa, hakuna chombo kibichi hata kimoja kinachokauka. Mtu aliyezoea ufinyanzi anajua karakana inanuka vipi, pale palikuwa pananuka manukato. Muuzaji anatuambia sahani zote ni Iznik, zimechorwa kwa mkono, bei sasa ndio hiyo. Mama wa Tongoni akachukua sahani mbili akaziweka sambamba kimya kimya, akatuonyesha: ua la tulipu lina kidoa cha bluu kilichovuja pembeni ya jani, na sahani ya pili ina kidoa kilekile, mahali palepale, ukubwa uleule. Ni picha za kubandika kabla ya kuchoma! Mkono wa mtu haukosei mara mbili namna hiyo. Na Iznik ya kweli ya karne ya 16 mwili wake sehemu kubwa ni jiwe la kwazi lililosagwa, udongo kidogo na unga wa kioo, na ile rangi nyekundu inakaa nene ukipitisha kidole unaisikia imeinuka. Hizi zilikuwa laini kabisa.

Mama akauliza kwa adabu tu, mwanangu mbona hizi sio za mkono? Yule kijana wetu, tuliyemlipa sisi, akamjibu mbele ya watu wote, "mama, sahani si sahani tu?" Jamani. Mwanamke wa umri wa bibi yake, aliyesomesha watoto kwa vyungu. Mimi hapo ndipo nilipopandisha na sijajuta, na wauzaji walinisikia, na mpaka leo hawajamuomba mama radhi.

Tukagoma kuingia duka la pili. Wachache tukapanda tramu ya T1 wenyewe mpaka Eminönü kwenda msikiti wa Rüstem Paşa, ambao ulikuwa kwenye orodha yetu wakautoa bila kutuambia, wakaweka ule Msikiti wa Bluu "kwa sababu ni mkubwa zaidi". Huu ndio ujinga ninaousema. Msikiti wa Bluu una vigae zaidi ya 20,000 ni kweli, lakini vile vizuri viko juu kwenye roshani ambako mgeni hapandi, na wakati unajengwa sultani alikuwa amewabana mafundi wa Iznik kwa bei moja huku gharama zinapanda, ubora ukaanza kushuka. Rüstem Paşa ni mdogo, Sinan aliujenga miaka ya 1560 mwanzoni juu ya maduka, unapanda ngazi nyembamba katikati ya wauza viungo na kamba, na ukitokea juu ni vigae kuanzia ukumbi wa nje, kuta, nguzo, mihrabu, vyote vya wakati Iznik iko kileleni, ile nyekundu ya nyanya imejaa kila mahali na viko usawa wa macho yako. Tukaswali alasiri, tukatulia tukaangalia mpaka shingo zikauma. Kiingilio hakuna. Labda ndio maana waliutoa, hakuna wa kuwapa kamisheni pale.

Alhamisi tukasema basi Topkapı tunaenda kwa miguu yetu. Wapi, asubuhi mizigo chini, tunahamishiwa Bursa tukalale huko, hiyo Bursa kwenye maombi yetu haikuwepo. Bado tukatafuta heri ndani yake maana mji wenyewe wa Iznik uko mkoa huohuo wa Bursa, tukaomba basi lipitie hata saa moja tukanyage penyewe. Wakakataa, ratiba. Tukaomba basi Yeşil Türbe, kaburi la Sultani Mehmed wa Kwanza la 1421, lina vigae mpaka kwenye jeneza la juu, na liko mjini hapohapo! Wakakataa, tukapandishwa kigari cha kamba kwenda mlimani kupiga picha na theluji. Ijumaa tumerudi usiku, Jumamosi alfajiri uwanja wa ndege.

Kwahiyo hesabu iko hivi: safari ya makumbusho ya vyombo, viingilio tumelipa kabla hatujaondoka, na hatujaingia makumbusho HATA MOJA. Mama amerudi Tanga hajaona bakuli la seladoni. Tuliomba hela za viingilio tu zirudishwe, hata hatujadai nauli, wakasema "gharama za uendeshaji".

Na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Unaanza na siku za kufungwa unazizungushia wino. Topkapı asubuhi siku yoyote isiyo Jumanne, na humohumo karibu, ukishuka kidogo, kuna Çinili Köşk, jumba la vigae la 1472 lililo kwenye eneo la Makumbusho ya Akiolojia, lina mihrabu ya vigae iliyotolewa mji wa Karaman, ni mwendo wa mguu. Misikiti unaiweka katikati ya swala na swala, Ijumaa mchana unaiacha. Büyükdere siku yake peke yake kwa sababu ya foleni. Na kama kikundi kingekubali kutoka nje ya Istanbul, siku nyingine unavuka kwenda Iznik. Nimeandika hapa kwa dakika tano, wao wamelipwa miezi.

NYONGEZA: naona mmeanza "si mngeenda wenyewe". Mkuu, nusu ya kikundi ni watu wazima, lugha hawajui, wamelipa ili wapangiwe na washikwe mkono, hiyo ndiyo huduma waliyouziwa. Na wewe unayesema tunalilia sahani, ungelipia mechi ukafikishwa uwanjani siku timu haichezi ungesemaje?

Ninachotaka kwa wanaojua sheria: je FCC, yaani Tume ya Ushindani, wanapokea lalamiko la safari iliyouzwa hapa lakini imefanyika nje? Na ni mimi niende au kikundi chote tusaini? Risiti zipo, ratiba yenye mhuri wao ipo, meseji ya "kila kitu kimo" ipo. Aliyewahi kudai akalipwa aje aniambie alianzia dirisha gani, hata PM.