Detekta ninayo, ramani ninayo: nianzie pwani, Kilwa, Tabora au Chunya?

KokotoLaPwani:

Wakuu, habari za majukumu.

Nina detekta ya metali, Minelab Equinox 600, na koili yake (ile sahani ya chini inayonusa metali) ya inchi 11, makazi Dar. Mchana kazini, usiku nafungua ramani ya setilaiti na kusafiri kwa macho. Orodha yangu mpaka sasa: Coco Beach na Kigamboni kwa pete na sarafu, Kilwa Kisiwani kwa sarafu za masultani, Tabora kwa ajili ya ile rupia 15 ya dhahabu ya Mjerumani yenye tembo, Tanga palipopiganwa Novemba 1914, halafu Chunya kwa dhahabu yenyewe.

Naomba wenye uzoefu mnichambulie. Wapi panafaa kwa mashine hii, wapi sheria inakataza, na nikishafika nifanye nini hasa? Nahitaji maelezo ya kina, "jaribu bahati yako" nimeshaisikia sana.

BahariShwari:

Mkuu, anza na pwani, tena wiki ya bamvua. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar inakaribia mita 4. Mchanga ambao siku za maji mafu uko chini ya bahari unabaki wazi. Na pwani yetu ina neema moja: maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne mpaka saa tano asubuhi, kwa hiyo unafanya kazi kwenye mwanga. Fika saa mbili, yafuate maji yanavyorudi, na yakigeuka geuka nayo. Jedwali la maji la mwezi mzima liwe kwenye simu kabla hujatoka nyumbani.

Sasa, wapi pa kupiga. Wengi hung'ang'ania mchanga mkavu chini ya mivinje, wanaokota vizibo vya soda mpaka jua linazama. Sarafu zipo pale, ila pete hupotelea majini, kina cha magoti mpaka kifua, mtu akirusha mpira au akimnyanyua mtoto na vidole vina mafuta. Dhahabu safi ni nzito mara 19.3 kuliko maji, mchanga wa kawaida haufiki mara 3, hivyo kila wimbi linapotikisa mchanga pete inazama mpaka ikutane na kitu kigumu. Wewe tafuta mahali bahari ilipoula mchanga: kijiukingo kimekatika, changarawe na makombe yametokeza, chini unaanza kuhisi udongo mgumu au mwamba. Ukianza kuokota chubwi za wavuvi na sarafu zilizoliwa na chumvi sehemu moja, usihame. Bahari imeshapanga vitu kwa uzito, na pete iko kwenye kundi hilo hilo.

Mipangilio ya mashine: modi ya Beach 1 kwa mchanga mkavu na uliolowa, Beach 2 ukiingia majini. Kwanza zima kelele (noise cancel), kisha sawazisha ardhi: shikilia kitufe, pandisha na kushusha koili juu ya mchanga usio na chuma mpaka sauti itulie. Rudia kila unapotoka mchanga mkavu kwenda uliolowa, maana maji ya chumvi yanapitisha umeme na mashine huyaona kama metali. Unyeti (sensitivity) anza na 18. Ikipiga kelele koili inapoguswa na wimbi, shuka mpaka 16. Usione hasara, mashine iliyotulia inasikia mbali kuliko inayopayuka. Koili iende sambamba na mchanga mwisho hadi mwisho. Ukiinyanyua pembeni kama unafyeka nyasi, mchanga wenye chumvi utakupa mlio wa uongo kila upande. Kila pito lifunike nusu ya pito lililotangulia.

Usichuje namba za chini, zile zinazotokea kwenye kioo kila mlio. Pete nyembamba ya dhahabu huja kwenye namba zile zile za foili ya sigara na vishikizo vya makopo. Anayekataa foili amekataa na dhahabu. Chini ya alama ya maji kujaa, chimba kila mlio usio wa chuma.

Matundu ya chepe la kuchujia mchanga yasizidi milimita 10, vinginevyo hereni zinapita. Kila shimo lifukie hapo hapo. Usichimbe juu ya mstari wa maji kujaa mahali kasa wanapotaga, Mafia kwa mfano. Hifadhi za bahari achana nazo, na kwingine mwone kwanza mwenyekiti wa serikali ya mtaa au meneja wa hoteli. Ukirudi, osha koili na fimbo kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikikaukia kwenye viungio vya fimbo vinakwama.

Mchunya:

Nizungumzie Chunya. Ndoto yako ni nzuri, ila mashine siyo.

Equinox 600 haina modi ya Gold, na ukichagua masafa mamoja, ya juu kabisa ni 15 kHz. Equinox 800 ndiyo yenye 20 na 40. Chembe ndogo ya dhahabu inahitaji masafa ya juu. Tatizo la pili ni udongo. Lupa, eneo la dhahabu la Chunya, kuna maeneo ya udongo mwekundu wenye chuma na kokoto nyeusi zinazolia zenyewe. Mashine ya kawaida, hata Gold Monster 1000 yenye 45 kHz, inashika vipande vidogo vilivyo juu juu, lakini kwenye udongo mkali kina kinapotea. Wanaofuata vipande vya chini hutumia mashine za mapigo (pulse) kama GPX 5000 au GPX 6000. Zinapita udongo huo vizuri zaidi, ila hazichuji chuma kwa kuaminika, kwa hiyo utachimba misumari ya bati, vipande vya sururu na waya mpaka mgongo ukuume. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mahali: dhahabu ya Lupa inajulikana tangu 1922, na miaka ya 1930 watu walimiminika huko kuosha mchanga wa mito. Mito na vijito vimepigwa sana. Panapobaki na kitu cha detekta ni miteremko iliyo chini ya mikanda ya kwazi (quartz). Mkanda unaoza juu, jiwe jeupe linavunjika, dhahabu inateremka kidogo kidogo bila kufika mtoni. Soma ardhi hivi: tafuta vipande vya kwazi yenye kutu na vishimo vidogo vidogo (ile nyeupe kama maziwa, safi kabisa, mara nyingi ni tasa), panda nayo mlimani mpaka inapoishia, hapo juu kidogo ndipo mkanda ulipo. Piga kuanzia hapo kushuka. Vifusi vya zamani pembeni ya maduara (mashimo ya wachimbaji) navyo visambaze kwa reki, sentimita 10 kwa tabaka, upige kila tabaka. Mchimbaji wa miaka hiyo alitegemea macho na karai, jiwe lenye dhahabu ndani lilimpita.

Majira: Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimeungua na mashamba hayajalimwa. Koili lazima isugue ardhi. Sentimita 5 za nyasi ni sentimita 5 za kina ulizotupa. Tembea polepole, pito moja sekunde 3 au 4. Funga mnyororo mwepesi kiunoni uburuzike nyuma, unakuchorea mstari ulikopita. Ukipata kipande kimoja, zunguka eneo hilo kwa pito za kwenda na kurudi, halafu rudia kwa kukatisha upande wa pili, kwa sababu kipande kilicholala ubavu kinaweza kunyamaza ukipita upande mmoja.

Mlio ukiutoa shimoni: sumaku kwenye mpini wa sururu inyonye vyuma kwanza. Udongo uliobaki weka kwenye kikombe cha plastiki, pitisha juu ya koili. Ukilia, mwaga nusu mkononi, pitisha tena, endelea kugawa mpaka ubaki na kijiko cha udongo. Mwisho dondosha kidogo kidogo juu ya koili iliyolala. Dhahabu hulia "tik" inapogusa.

Sheria: Tanzania huruhusiwi kutafuta wala kuchimba madini bila leseni, hata kama ni wewe na detekta moja. Karibu kila mteremko mzuri una mwenye leseni ndogo (PML). Kaa naye, andikeni mgao kabla ya mlio wa kwanza, na shahidi awepo. Mwenye shamba naye akubali, maana leseni ya madini haikupi ruhusa ya kukanyaga mihogo ya mtu. Dhahabu uza soko la madini tu. Masoko yapo tangu 2019, mrabaha na ada ya ukaguzi vinakatwa pale pale.

Na usitembee peke yako. Maduara ya zamani yamefunikwa na nyasi, mengine hayana ngazi wala ukingo.

MzeeSarafu:

Wengine wameshughulikia pwani na dhahabu. Mimi naomba Kilwa uifute kwenye orodha, na nakueleza kwa nini.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu hapa nchini kabla ya 1863 ni mali inayolindwa, na kuchimba kwa nia ya kuvitafuta vitu hivyo kunahitaji leseni. Hakuna kisingizio cha "nilikuwa napita tu na mashine".

Lakini weka sheria pembeni, angalia thamani yenyewe. Sarafu ya Kilwa kwa kawaida ni ya shaba, ndogo, na maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Sokoni bei yake si ya kutajirisha mtu. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe. Kwa kuwa inajulikana ilikotoka, ikawa ushahidi wa biashara kati ya Kilwa na bara kule kusini. Nyingine zilipatikana 1944 visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanajiuliza zilifikaje. Zingekuwa zimekaa kwenye bakuli la mtu sebuleni bila rekodi ya mahali, zingekuwa shaba iliyochakaa basi. Ukitoa sarafu ardhini bila kurekodi tabaka na vigae vilivyokuwa nayo, umeng'oa ukurasa ambao hakuna mwingine atakayeusoma.

Tabora: rupia 15 ilipigwa 1916 kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Waingereza wakiwa wameizingira pwani. Zilitoka 16,198 tu, uzito gramu 7.168, dhahabu ya 750 kwa 1000. Kuiota ni halali, kuipangia safari sivyo. Wale waliokuwa nazo waliziweka, hawakuzidondosha sokoni. Kinachodondoka sokoni ni chenji: heller (chenji ya rupia ya Mjerumani) za shaba za kuanzia 1904, zile za tundu, shaba ya njano ya Tabora ya 1916, na senti za Afrika Mashariki za baadaye. Hizo zipo ardhini kwenye viwanja vya magulio ya zamani na pembeni ya njia za misafara zilipokuwa na miembe ya kivuli. Si za kabla ya 1863, lakini eneo lenyewe linaweza kuwa limetangazwa kumbukumbu, kwa hiyo ulizia Idara ya Mambo ya Kale na mwenye ardhi kwanza. Equinox yako hapa inafaa kabisa: modi ya Field, kiwanja kilicholimwa karibuni, na Iron Bias (kiasi ambacho mashine inapuuza chuma) iwe ndogo ili sarafu iliyo karibu na msumari isinyamazishwe.

Sarafu usiisugue. Maji safi, brashi ya meno laini, kausha. Ukiing'arisha kwa ndimu na mchanga umemaliza kila kitu.

Tanga: sehemu za mapigano ya Novemba 1914 kuna makaburi, na risasi na makombora ya kale hayafi kwa umri. Ukikutana na chuma cha mviringo chenye ncha na mkanda wa shaba kiunoni, usikiguse wala usikigonge. Weka alama, ondoka, toa taarifa polisi.

NyaliTide:

Ndugu, kwa mtakaovuka huku Kenya: mpaka wa tarehe ni tofauti. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa cha kabla ya 1895. Fukwe za Nyali, Bamburi na Diani zina watu wengi wikendi, kwa hiyo Jumatatu asubuhi ndiyo siku, ila angalieni ramani ya hifadhi za bahari za KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kwanza. Watamu kasa wanataga, msichimbe juu ya mstari wa maji kujaa.

KokotoLaPwani:

Asanteni sana wakuu. Kilwa nimeifuta, Tanga pia. Swali la mwisho kwa Mchunya: kuna mtu ananiuzia GPX 5000 iliyotumika, bei nafuu sana. Nitajuaje kama ni halisi?

Mchunya:

Bei nafuu sana ndiyo dalili ya kwanza. GPX 5000 na Gold Monster ndizo zinazoigwa kuliko nyingine, na bandia kwa macho inafanana mpaka stika. Namba ya mashine ipeleke kwa muuzaji aliyeidhinishwa kabla hujatoa hata shilingi. Ikiwa haipo kwenye rekodi zao, ondoka. Kisha ijaribu ardhini, si mezani, kwa sababu hewani hata bandia inalia. Chukua chubwi au kipande cha risasi cha gramu 1, kifukie sentimita 10 kwenye udongo mwekundu uliosawazishiwa mashine, upite polepole pande mbili. Halisi itakupa mlio laini unaorudiwa palepale kila pito. Bandia aidha itanyamaza, au italia popote unapoipeleka koili. Angalia na betri: mshinikize muuzaji aiwashe mashine saa nzima ukiwepo, maana betri iliyochoka inaanza kuyumbisha sauti ya msingi (ule mvumo wa kudumu wa mashine), na utadhani ni udongo.