Lodi benki nimewasha 280 jenereta inaandika 184, mbovu ni ipi?

fundi_shimanzi
Salaam wadau. Niko na jenereta ya 350 kVA huku Shimanzi, Mombasa, kwenye kold storu ya samaki, mwenyewe anataka ipimwe kabla hajaitegemea maana stima ikipotea usiku mzigo wa watu wote uko ndani unaoza. Nimekodi lodi benki ya 400 kW, yaani mashine ya kula stima ya jenereta na kuigeuza joto ili uipime, hizi za Marekani zinazokuja used, pleti imeandikwa 480V 60Hz, stepu zake (vipande vya mzigo unavyowasha kimoja kimoja, kwa kW) ni 5, 10, 10, 25, 50 halafu za mia ziko tatu. Jenereta yetu ni 415V 50Hz kawaida.

Sasa 350 kVA kwa pawa fakta 0.8 (sehemu ya kVA inayokuwa nguvu halisi) ni 280 kW, nikawasha mia ya kwanza, mia ya pili, hamsini, ishirini na tano na tano, paneli ya jenereta ikaandika 184!! Mteja kasimama hapo hapo anasema kauziwa jenereta iliyochoka anataka kurudisha. Halafu kama dakika kumi hivi lodi benki inajikata yenyewe, taa ya joto inawaka, na kontakta moja (swichi kubwa inayovutwa na koili ya stima) inalia krrr krrr muda wote. Nianzie wapi? Sitaki mtu arudishe mashine nzima kwa sababu ya kipimo kibovu.

stima_likoni
Ilipokuwa kwa 184 hezi (mizunguko ya stima kwa sekunde) zilisoma ngapi? Na volti? Na moshi ulikuwaje?

fundi_shimanzi
Hezi 50 haziyumbi, volti 415, moshi mwepesi tu.

mzee_wa_koili
Basi jenereta usiisingizie mwanangu. Injini ikizidiwa utaiona, hezi zinashuka, moshi mweusi, sauti inakuwa nzito. Hiyo yako imetulia kwa sababu mzigo wenyewe haujafika, haijaombwa 280 ndo maana haikutoa 280.

Angalia pleti tena. Elementi, zile koili za moto ndani ya lodi benki, ni rezista tu, hiyo mia inakuwa mia ukiipa 480V. Ukiipa 415 nguvu inashuka kwa mraba wa volti, 415 gawa kwa 480 halafu uzidishe hiyo namba kwa yenyewe, utapata kama 0.75. Kwa hivyo kila stepu hapo inakupa robo tatu ya kilichoandikwa, mia ni 75 hivi, na 280 yako ni kama 209. Hilo peke yake nishaona limerudisha jenereta nzima dukani, jenereta haina neno lolote, na inaniuma kila nikikumbuka.

Lakini wewe umesoma 184, sio 209. Hapo kuna 25 nyingine imepotea, na 25 ni theluthi ya stepu moja ya mia kwa volti zetu. Chukua klampu mita, ile ya kubana waya inayosoma ampi, washa stepu za mia moja moja, pima fezi zote tatu kwa kila stepu uniletee namba. Na unambie kama ndani elementi zimefungwa delta (pembetatu) au star (nyota), mchoro mara nyingi umebandikwa nyuma ya mlango.

kongowea_pawa
Wakati unangoja hayo, mimi nina wasiwasi na hilo joto. Kwa 415V elementi zinatoa moto mdogo kuliko zilivyoundiwa, feni kwa 50Hz inazunguka polepole kidogo lakini haitoshi kukukatia kwa dakika kumi. Shika kipande cha karatasi pale upepo unapoingilia. Kikivutwa kikaganda kwenye wavu sawa, kikisukumwa ujue feni inazunguka kinyume, fezi mbili zimepishana kwenye kebo za kuingilia. Feni ikienda kinyume bado inapuliza upepo kidogo, unasikia mvumo unadhani iko sawa kumbe elementi zinachomeka.

Na kitu kingine, kuna swichi ya upepo ambayo haifai kuruhusu lodi kama upepo hautoshi. Feni ikiwa kinyume kweli na lodi bado inaingia, fungua uangalie hiyo swichi, nina hofu kuna mtu ameibriji, yaani ameiruka kwa waya. Zima jenereta kwanza, breka ufungie kwa kufuli, na usitie mkono kwa elementi mpaka zipoe kabisa.

Pia uigeuze lodi benki. Kusi sahii inavuma kweli, ukielekeza mdomo wa hewa moto upande unakotoka upepo feni inapigana na bahari nzima. Na hiyo hewa moto isielekee radieta ya jenereta.

fundi_shimanzi
Wadau nimerudi. Karatasi imesukumwa!! Na swichi ya upepo ina waya mfupi mwekundu umeunganishwa juu ya miguu yake miwili, tepu ya kufungia ishakauka, yaani uko pale zamani. Nimeutoa na nimewapigia walionikodisha.

Namba ndo hizi, ni delta:
mia ya kwanza: nyekundu 104, njano 104, bluu 104
mia ya pili: nyekundu 60, njano 60, bluu 104
mia ya tatu: 104 zote

Nimebadilisha fyuzi zote tatu za stepu ya pili, hakuna tofauti.

mzee_wa_koili
Fyuzi ziache, hazina kosa, na namba zako zenyewe zinasema. Kwenye delta fyuzi moja ikiungua au mguu mmoja wa kontakta ukikataa, fezi hiyo inasoma sifuri na mbili zilizobaki zinashuka pamoja, kwa stepu yako zingekuwa kama 90 na 90. Wewe umepata 60, 60 na 104. Hiyo maana yake waya zote tatu zinaleta stima mpaka ndani lakini upande mmoja wa pembetatu umekatika. Ile fezi iliyobaki nzima haigusi upande uliokatika, kwa hivyo kasoro iko kati ya nyekundu na njano.

Hakikisha kwa mita ya omu, kila kitu kimezimwa, pimia upande wa chini wa kontakta. Delta nzima kwa hiyo stepu itasoma kama 4.6 kila jozi. Yako nadhani nyekundu na njano itasoma 13.8 na jozi nyingine 6.9 na 6.9. Ikiwa hivyo fuata zile elementi za upande huo moja moja kwa macho, angalia viungo vyake kabla hujalaumu elementi, chumvi ya huku kwetu inaanza na viungo na nati.

Kontakta inayolia: transfoma ya kontroli imefungwa kwa tepu ya 480 (tundu la kuchagua volti za kuingia), ukiilisha 415 koili ya 120V inapata kama 104, na kontakta nyingi zinataka asilimia 85 ya volti zake ndio zishike, yaani 102. Uko ukingoni kabisa, volti zikitikisika kidogo inaanza kulia na mwisho inaunguza midomo yake. Kama transfoma ina tepu ya 415 hamishia hapo.

kongowea_pawa
Kabla hujarudisha lodi piga mega 500V (mita ya kupima kama stima inavuja) kati ya fezi na bodi ya lodi benki, chomoa mita na vitu vya elektroniki kwanza usije ukaviua. Ikiwa chini ya megaomu moja anza na stepu ndogo na feni ikiwa inavuma, ikauke, vile vigae vya kushikilia elementi vinashika chumvi na unyevu mashine ikikaa nje.

fundi_shimanzi
13.8, 6.9, 6.9 mzee wangu!! Kilikuwa kiungo cha kati ya elementi mbili, kimeliwa na chumvi katikati kimekuwa chembamba kama sindano halafu kikakatika, kwa mbali huoni mpaka ukiguse. Nimeweka cha stenlesi na nati mpya. Kebo mbili za kuingilia nimezipisha, feni inavuta, swichi ya upepo inafanya kazi bila ule waya. Mega imesoma vizuri. Transfoma ilikuwa na tepu ya 415, krrr imeisha.

Halafu nikapiga hesabu ya robo tatu, ili nipate 280 lazima niwashe 375, kwa hivyo mia zote tatu, hamsini na ishirini na tano. Nimepandisha polepole sio zote kwa pamoja. Paneli ikaandika 280, ampi 390 kila fezi, hezi zilishuka kidogo kila nikiongeza stepu kisha zinarudi 50. Mwanzo ilitoa moshi mzito maana hii jenereta imekaa kwa lodi ndogo miaka, mafuta yamejaa kwenye eksosi, baadaye ukasafika wenyewe. Imekwenda saa nzima bila kukata. Nimetoa lodi stepu kwa stepu nikaiacha feni ivume mpaka elementi zipoe.

Mteja ameiona 280 kwa macho yake kaweka sahihi. Zile namba za klampu nimeziandika kwa karatasi nikabandika ndani ya mlango wa lodi benki, atakayeikodi baada yangu azikute.

stima_likoni
Andika na ile 375 kwa 280 hapo hapo.

fundi_shimanzi
Ipo, kwa kalamu nyekundu.