Re: Re: JUUJI SIYO SAA KUMI (na swali la tennyu todoke, taarifa ya kuhamia)

Kutoka: Mgeni wa Saitama

Wanajamii salaam. Nimehama kutoka Chiba, tenshutsu, yaani taarifa ya kuhama, nilishaimaliza. Nikapiga simu shiyakusho (ofisi ya jiji) ya huku kuomba yoyaku, yaani miadi, ya dirisha lenye mkalimani, dada akasema "juuji". Nikajipongeza: juu ni kumi, ji ni saa, basi saa kumi. Saa kumi kasorobo nimeshakaa kwenye kiti, zairyu kadi (kadi ya ukaazi) mkononi. Kumbe walinisubiri saa nne asubuhi wakachoka. Yoyaku nyingine ni wiki ijayo, na siku zangu 14 za kutoa taarifa ya kuhamia zinaisha kesho kutwa. Je, niende tu bila yoyaku, au kuna barua ya kuandika? Anayejua anijibu leo tafadhali.

Kutoka: Mama Wawili, Nagoya

Pole mdogo wangu. Hukusikia "gozen" mbele yake? Gozen ni kabla ya adhuhuri, gogo ni baada. Mimi kilichoniponza ni tarehe. Nesi kasema yooka, mimi nikasikia yokka. Nikambeba mtoto kwenda sindano tarehe 4, wao wameandika 8. Mpaka tarehe 10 kila siku ina jina lake: tsuitachi, futsuka, mikka... ukidhani umemaliza, 20 nayo inaitwa hatsuka.

Kutoka: Mzee wa Yokohama

Dada, tusifundishane nusu nusu. 14 ni juuyokka na 24 ni nijuuyokka, hizo umezirukaje? Na wewe kijana, saa kumi ni yoji. Usiseme yonji, watakucheka. Saa tatu ni kuji, siyo kyuuji.

Mimi nilikuja Heisei 9, yaani 1997, simu za kutafsiri hazipo. Kilichoniokoa ni saa ya ukutani niliyotoka nayo Dar, sijaigusa mpaka leo. Japani imetangulia nyumbani kwa saa 6, na hesabu yetu ya Kiswahili inapishana na ya Wazungu kwa 6 hizohizo. Huku ikigonga juuji, mshale wa saa yangu uko kwenye 4. Saa nne! Inajisoma yenyewe.

Kutoka: Mwanafunzi wa ABE (ufadhili wa Japani kwa vijana wa Afrika), Kyoto

Shikamoo mzee. Hesabu imenyooka, ila mshale huohuo nyumbani maana yake ni saa kumi alfajiri. Nilipiga simu muda huo, mama akapokea analia, kadhani kuna msiba.

Mimi Kijapani kilinipa raha kwenye siku. Kesho kutwa ni asatte, mtondo ni shiasatte. Mtondogoo bado naitafuta.

Kutoka: Mkenya wa Osaka

Wabongo mnajitafutia shida. Mimi saa nazitaja kwa Kiingereza, ten ni ten, na sijawahi kukosa miadi.

Kutoka: Mzee wa Yokohama

Na nyanyako kijijini unamtajia saa kwa lugha gani?

Kutoka: Mkenya wa Osaka

Mzee, tusifike kwa nyanya.

Kutoka: Mama Wawili, Nagoya

Jamani basi. Jana vipaza sauti vya mtaa vimepiga ule wimbo wa goji, giza limeshaingia. Saa kumi na moja! Nikakumbuka Tanga, saa hizo watoto bado wako baharini na adhana ya magharibi iko mbali. Saa zetu zilihesabiwa na watu ambao jua lao huchwa saa kumi na mbili mwaka mzima, masika na kiangazi. Huku Desemba hazina pa kushika.

Kutoka: Mgeni wa Saitama

Samahani wakubwa zangu, na ile tennyu todoke? Dirisha wanafunga goji juugofun, yaani saa kumi na moja na robo. Nimehesabu mara mbili.

Kutoka: Mzee wa Yokohama

Na robo, umepatia. Mama Wawili, kumbe Tanga? Mtaa gani? Mimi ni wa Ngamiani.