Wazazi wanastaafu, wanalea mjukuu wa miaka 4: Morogoro, Arusha au Dodoma?

Wakuu salaam. Wazazi wanastaafu mwaka huu, hawataki tena kupanga Dar. Mzee ana presha na kliniki ya moyo JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar) kila miezi 3. Mama anataka pa kufugia kuku na kulima mboga. Mjukuu wanaye wao. Waende wapi, na waanze kwa kununua kiwanja?

Mpiga_Ramani:
Kliniki ndiyo iamue. Morogoro hadi Dar kwa treni ya umeme ya SGR daraja la kawaida ni sh 13,000, kama saa mbili. Kutoka Dodoma ni 31,000 na mwendo karibu mara mbili. Ila stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo wakikaa Bigwa au Kilakala wahesabu na bajaji. Kliniki ikiwa ya asubuhi, mzee alale Dar. Treni ikichelewa, zamu yake imepita.

Dodoma kwa mboga za mama ni mtihani. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna, bustani itaishi kwa maji ya kununua.

NdotoYaMeru:
Arusha ina jambo ambalo madalali hawalitaji: floraidi. Visima na chemchemi nyingi za upande wa Meru zinayo kwa wingi, na huyo wa miaka 4 meno yake ya ukubwani ndiyo kwanza yanajengwa ndani ya fizi. Yakitoka na madoa ya kahawia, hayasafishiki kwa mswaki. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Ulizeni chanzo cha maji, pimisheni (kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita), na magadi kwenye maharage waache kabisa, nayo yanayo.

Mama_Kuku:
Kiwanja bado! Wapange kwanza, wapitishe masika na kiangazi. Hesabu ya kuingia: kodi ya laki 2, mwenye nyumba akitaka miezi 6 na dalali mwezi mmoja, ni 1,400,000. Kabla ya kulipa hakikisheni mita ya LUKU ni yao peke yao. Ya kuchangia ndiyo chanzo cha ugomvi wa wapangaji. Bomba lifungueni jioni, siyo saa nne asubuhi mtaa ukiwa kazini. Majirani waulizeni maji hutoka siku zipi. Watu watatu kwa lita 40 kila mmoja, simtanki la lita 2,000 linafika siku 16, kuku hawamo.

Wakishaamua kununua, fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi (kuangalia kiwanja kimesajiliwa kwa nani) kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Karatasi ya serikali ya mtaa pekee haitoshi.

Muuliza swali:
Asanteni. Mzee bado anaing'ang'ania Arusha, anasema joto la Moro litamuua.

Mpiga_Ramani:
Baridi hubana mishipa na kupandisha presha, na Juni na Julai Arusha ni baridi kweli. Amuulize daktari wake. Joto likimsumbua, Bigwa chini ya Uluguru kuna nafuu kuliko Kihonda.