Naomba ushauri: Kupunguza matiti kwa upasuaji kwa sababu ya maumivu sugu ya shingo

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa ninasumbuliwa na maumivu ya shingo na mabega ambayo daktari wa mifupa, baada ya picha ya eksirei kuonyesha kuwa pingili za shingo hazina tatizo, ameyahusisha na uzito wa matiti yangu. Mikanda ya sidiria imenichimba mabegani hadi ngozi imeacha mifereji myeusi, na joto likizidi hutokwa na vipele chini ya matiti.

Nimehudhuria fiziotherapia, nimepunguza mwili, nimehamia kwenye sidiria zenye mikanda mipana, na dawa za maumivu nimezitumia hadi tumbo likaanza kuniuma. Nafuu huja, kisha maumivu hurudi. Daktari mpasuaji ameniambia wazi kwamba makovu yatabaki, hisia za chuchu zinaweza kupungua na uwezo wa kunyonyesha unaweza kuathirika. Hili la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi, kwa kuwa mimi na mume wangu bado tunatamani mtoto mwingine.

Kwa dada zangu mliofanyiwa upasuaji huu kabla ya kumaliza uzazi: je, shingo ilipata nafuu ya kudumu, na mliweza kunyonyesha baadaye? Pia, kuna aliyekubaliwa na bima ya afya kwa kuwasilisha barua ya daktari, au mlilipa wenyewe?